Je, wavu wangu ndio uliowaua? Kuhusu mizoga ya zooplanktoni kwenye maji ya pwani

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nilikokota wavu wenye matundu ya maikromita 200 karibu na mdomo wa mto, mara sita, kila mara dakika kumi. Sampuli zote nilizitia formalini papo hapo. Nilipokaa kwenye hadubini kuhesabu, nikakuta kopepodi wengi hawana kitu ndani: wengine ni ganda tupu, wengine nyama imesinyaa na kujikunja upande mmoja. Ni kama mmoja katika kila wanane. Msimamizi wangu anasema ni wavu umewaua, nisiwajali. Mwenzangu ananiambia niwafute kabisa kwenye hesabu. Mimi nilivyofundishwa, kopepodi akifa ujue ameliwa. Sasa hawa wamekufaje, na niwaandike wapi?"

Marahaba. Kwa msomaji mgeni: zooplanktoni ni wanyama wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na maji, na kopepodi ni mmoja wao, jamaa mdogo sana wa kamba; formalini ni dawa ya kuhifadhia sampuli zisioze. Msimamizi wako ana haki ya kuushuku wavu, maana nyavu huua kweli. Ila kwa hawa uliowaeleza, wavu hauna kesi. Dakika kumi hazitoshi kuozesha mnyama.

Kopepodi aliyeuawa na wavu utamtambua kwa majeraha. Vipapasio vimekatika, vinyweleo vya mkiani vimevunjika, pengine kifua kimebonyea kwa kubanwa na wenzake kwenye chupa ya mkiani mwa wavu. Lakini ukimtazama ndani, nyama imelijaza ganda pembe hadi pembe, misuli ina mistari yake, na utumbo uko mahali pake, pengine bado una chakula. Sababu ni kwamba amekufa dakika chache kabla ya formalini kumkuta, na formalini ikishaingia inasimamisha kila kitu.

Nyama iliyosinyaa na kujitenga na ganda ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni kazi ya bakteria, na bakteria wanataka muda: saa kadhaa kwenye maji ya joto, siku kadhaa kwenye maji ya baridi. Kopepodi akishakufa, bakteria wa nje huingia kwa kinywa na kwa tundu la haja, wakakutana na wale waliokuwa wakiishi tumboni tangu hapo. Kwa hiyo mnyama huliwa kuanzia ndani. Ganda la kitini ni gumu kwao, ndiyo maana hubaki mwisho, zima kwa nje na tupu kwa ndani, kama nyumba iliyohamwa bila kuvunjwa mlango. Ukikuta ganda la namna hiyo, mwenyewe alikufa kabla hujashusha wavu, na huenda kabla hujatoka kitandani siku ile.

Kabla ya kwenda mbali, ondoa kwanza jambo moja linalowadanganya wengi, nami lilinidanganya msimu mzima. Kopepodi hujivua ganda. Baada ya kutoka kwenye yai hupitia hatua sita za kiluwiluwi kinachoitwa nauplio, kisha hatua tano za ujana, ndipo awe mzima, na kila hatua huacha ganda lake nyuma. Ganda lililovuliwa lina mpasuko ambapo mwenyewe alitokea, ni jepesi na linapitisha mwanga kila mahali, na ndani hamna hata uzi wa nyama. Mzoga, hata uliooza sana, kwa kawaida huwa na mabaki: uzi wa msuli, doa la mafuta, kipande cha utumbo. Tena mtu mzima hajivui tena. Kwa hiyo ganda tupu lenye miguu ya tano iliyokomaa ni mzoga. Rudi kwenye sampuli moja kati ya zile sita, tenganisha haya mawili, uone kama "mmoja katika wanane" anasimama. Nadhani atapungua kidogo, lakini hatatoweka.

Sasa hilo la "akifa ameliwa". Hukufundishwa uongo, ulifundishwa sehemu kubwa ya ukweli. Watafiti Andrew Hirst na Thomas Kiørboe walikusanya takwimu za vifo vya kopepodi wa baharini kutoka sehemu nyingi za dunia na kuzichapisha mwaka 2002. Makadirio yao yalikuwa kwamba kuliwa kunachangia kama theluthi mbili hadi robo tatu ya vifo vyote. Samaki wadogo, yavuyavu, minyoo-mshale, na kopepodi wenyewe kwa wenyewe, maana Acartia mzima, kopepodi mmoja wa pwani, hasiti kumla nauplio wa jamii yake. Lakini soma upande wa pili wa hesabu hiyo: robo hadi theluthi ya vifo hubaki bila mlaji. Kwa kundi la wanyama walio wengi kama kopepodi, hiyo ni mizoga mingi sana, na lazima ipite mahali fulani kwenye maji kabla haijatoweka. Wewe umepita na wavu wakati yenyewe inapita.

Kwa nini basi haikuonekana miaka yote hii? Kwa sababu ya chupa. Tangu Victor Hensen alipoleta neno plankton mwaka 1887, kazi yetu kubwa imekuwa kuvua, kuhifadhi na kuhesabu baadaye. Ndani ya formalini wote ni maiti, basi wote huandikwa kuwa walikuwa hai. Ukianzia na hesabu hiyo, kila kinachofuata kinapinda: unadhani kundi ni kubwa kuliko lilivyo, unagawanya mayai kwa majike ambao baadhi yao hawakuwa wakitaga chochote, halafu unashangaa majike wa eneo lako ni wavivu.

Tuje kwenye mdomo wa mto wako, kwa sababu hapo wauaji ni wengi na hawafichiki sana.

Wa kwanza kumshuku ni chumvi. Maji yakijaa, huwasukuma wanyama wa baharini kuingia mtoni. Aliyezoea chumvi ya bahari wazi akikutana ghafla na maji yaliyozimuliwa, maji huingia mwilini mwake kuliko anavyoweza kuyatoa. Mabadiliko yakija polepole wengi huzoea. Yakija kwa saa chache, hasa baada ya mvua kubwa huko juu, hawana nafasi. Karline Soetaert na Peter Herman walilionyesha hili kwenye mlango wa mto uitwao Westerschelde, Uholanzi, miaka ya 1990: zooplanktoni wa baharini walikuwa wakiingizwa mlangoni humo mfululizo na kufia humo, na waliokuwa wakionekana ndani walikuwepo kwa sababu wengine waliendelea kuletwa. Ukivua hapo bila kuangalia nani yu hai, utaandika kwamba jamii hiyo inaishi mtoni. Kumbe inakwenda kufia mtoni.

Kuna namna rahisi ya kuipima dhana hii kwenye sampuli ulizonazo tayari: angalia mizoga ni ya nani. Acartia tonsa, kwa mfano, ni mkazi wa milango ya mito na anavumilia chumvi kidogo na nyingi. Kama mizoga yako mingi ni ya jamii za bahari wazi na Acartia wako wengi wamejaa nyama, chumvi ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kama mizoga imegawanyika sawa kwa jamii zote, tafuta kitu kisichochagua.

Oksijeni haichagui sana. Maji ya chini yakishuka chini ya miligramu 2 za oksijeni kwa lita, kama yanavyofanya kila kiangazi kwenye vilindi vya Ghuba ya Chesapeake huko Marekani, kopepodi wengi hukimbilia juu. Hapo wanajikuta kwenye mtego, maana desturi ya wengi wao ni kushinda chini gizani mchana na kupanda usiku kula, ili samaki wanaowinda kwa macho wasiwaone. Chini hakuna pumzi, juu kuna macho. Na asiyeweza kukimbia ni yai. Acartia humwaga mayai yake majini, nayo huzama. Kwenye kina kifupi hufika chini kabla ya kuanguliwa, na pasipo na oksijeni hayaanguliwi. (Si yote hufa, lakini. Baadhi hulala kwenye mashapo yakingoja hewa irudi, na yanajua kungoja: kwenye maziwa madogo ya jimbo la Rhode Island, mayai ya kopepodi wa maji yasiyo na chumvi yaliyokaa kwenye tope zaidi ya miaka 300 yalianguliwa. Kila nikilikumbuka hili nayatazama mashapo kwa heshima.)

Njaa nayo ipo, ila inategemea unamzungumzia nani. Calanus wa bahari za baridi hubeba mfuko wa mafuta unaoonekana waziwazi kwa hadubini, na kwa akiba hiyo hulala vilindini miezi kadhaa bila kula. Wadogo wa pwani hawana akiba ya maana. Wanaishi kwa kinachopatikana leo, na chakula kikikatika siku chache tu, wanakwisha. Tena chakula kuwepo hakutoshi. Mwaka 1999 watafiti walioongozwa na Antonio Miralto na Adrianna Ianora huko Naples walieleza kwamba baadhi ya diatomu, mwani wa seli moja ambao tuliuhesabu siku zote kuwa chakula bora cha kopepodi, hutoa kemikali za jamii ya aldehidi zinazozuia mayai yasikue. Mama anakula vizuri, anataga vizuri, na watoto hawatoki. Mabishano juu ya ukubwa wa jambo hili baharini yalikuwa makali, na mimi niko upande wa wanaoona kwamba halifanani kila mahali wala kila msimu.

Vimelea sisi wa zooplanktoni tumewadharau sana. Kuna dinoflajelati, viumbe wa seli moja, wanaoingia ndani ya kopepodi na kumla akiwa hai hadi mwili wote ujae wao. Kimmerer na McKinnon waliripoti mwaka 1990, kusini mwa Australia, kundi la Paracalanus lililokuwa likipoteza wengi kwa kimelea cha namna hiyo. Ukiona kopepodi aliyejaa ndani kitu cha rangi moja chenye punje-punje, hana utumbo unaoonekana, usimwandike kama mnene wa mayai. Mtenge, mtazame tena kwa ukuzaji mkubwa.

Mengine nayapitia haraka. Uzee upo, na madume wa jamii nyingi huishi maisha mafupi kuliko majike, kwa hiyo hesabu jinsia ya mizoga. Misukosuko ya maji ipo, ikiwemo ya rafadha za boti: kwenye njia za boti za Chesapeake mizoga ilikuwa mingi kuliko kandokando ya fukwe za jirani. Mitambo ya umeme inayovuta maji ya bahari kujipoza huwapitisha zooplanktoni kwenye pampu, joto na wakati mwingine klorini, na mara nyingi wanaotoka upande wa pili si wale walioingia. Kama kuna bomba la namna hiyo karibu nawe, vua juu yake na chini yake.

Sasa kazi ya mikono. Njia unayohitaji ni kupaka rangi kabla ya formalini. David Elliott na Kam Tang waliichapisha kwa utaratibu mzuri mwaka 2009, wakitumia rangi ya maabara iitwayo nyutrali redi. Napenda uelewe inavyofanya kazi, maana ukielewa hutakosea hatua. Rangi hii ni ya njano kwenye maji yasiyo na asidi, kama ya bahari, na ni nyekundu kwenye asidi. Ikiwa majini hupenya ngozi ya seli bila shida. Ikifika ndani, huingia kwenye vifuko vidogo vya seli ambavyo seli hai huvitunza vikiwa na asidi. Humo hubadilika, hunaswa, hushindwa kutoka. Seli iliyokufa haiwezi kutunza asidi yake, basi haina cha kuinasia. Ndiyo maana mzima hutoka mwekundu na mzoga hutoka mweupe.

Yeyusha gramu 1 ya unga kwenye mililita 100 za maji safi. Ukimaliza kukokota, imimine sampuli taratibu kwenye ndoo yenye maji ya hapohapo ili wanyama wasisongamane, kisha tia mililita 1.5 za rangi kwa kila lita. Subiri dakika 15, kivulini. Chuja, suuza kwa maji ya bahari yaliyochujwa, ndipo uhifadhi. Siku ya kuhesabu dondoshea asidi kidogo hadi maji yavuke kuelekea upande wa asidi, nawe utaona wekundu ukijitokeza kwenye sahani kama mtu amewasha taa. Hatua hii ndiyo wengi huisahau, wakaandika kwamba wote wamekufa.

Watakuwepo wa rangi ya katikati, wekundu kiasi kwenye kifua na weupe mkiani. Wape safu yao, usiwalazimishe. Na kabla ya kuamini chochote, chukua wachache, waue kwa kuwatumbukiza kwenye maji ya moto, uwapake rangi ile ile. Wakitoka wekundu, kuna ulichokosea.

Hapo pia ndipo kesi ya wavu inapomalizwa kwa ushahidi badala ya mabishano na msimamizi. Kokota mara moja kwa dakika mbili, mara moja kwa dakika kumi, mahali pamoja. Kisha teka maji kwa ndoo, yachuje kwa mkono mwepesi, bila wavu kabisa. Kama asilimia ya weupe inapanda kadiri unavyokokota muda mrefu, wavu una hatia na ufupishe muda. Kama zote tatu zinakaribiana, mpelekee msimamizi namba hizo. Kwa kweli dakika kumi ni nyingi kwenye maji yenye tope. Mbili au tatu zinatosha, kwa mwendo wa kutembea.

Ukishapata idadi ya mizoga bado hujapata kasi ya vifo, na hapa ndipo nilipoona makala nyingi zikijikwaa. Tuchukue namba yako: mzoga mmoja kwa wazima saba, yaani 0.143. Kama idadi ya mizoga haipandi wala kushuka, na kila mzoga hudumu majini siku 2 kabla ya kuoza, kuzama au kuliwa, gawa kwa 2: 0.07 kwa siku, karibu 7 katika kila 100 wanakufa kila siku bila kuliwa. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Maji yawe ya joto, mzoga udumu saa 6. Mizoga ni ile ile, lakini kasi inakuwa 0.57 kwa siku, na kundi linapoteza zaidi ya wanne katika kila kumi kwa siku. Namba yako moja inabeba hadithi mbili zisizofanana hata kidogo, na kinachozitenganisha ni muda wa mzoga ambao hukuupima.

Upime, basi. Ua kopepodi mia moja kwa kuwagandisha au kwa joto, watie kwenye maji ya hapohapo ambayo hayakuchujwa ili bakteria wawemo, kwa halijoto ya hapohapo, yakitikiswa polepole. Kila baada ya saa tatu toa kumi uwatazame. Utapata muda wa kila hatua ya kuoza. Kuwa mwangalifu kwamba muda na idadi vinasema kitu kimoja: ukihesabu waliosinyaa na maganda tupu peke yake, kama ulivyofanya, tumia muda wa hatua hizo mbili, usitumie muda wote tangu kufa. Huo ni muda wa kuoza peke yake, na baharini kuna kuzama na kuliwa pia, kwa hiyo mzoga halisi hudumu pungufu ya hapo.

Na maji ya pwani yana hila moja zaidi. Mzoga ulioshazama haujaondoka. Maji yakipwa kwa nguvu hukwangua chini na kuuinua tena, ukahesabiwa leo kifo cha juzi. Vua maji yanapokuwa yamesimama, vua tena yanapokimbia. Mizoga ikiongezeka sana yanapokimbia, na mashapo yakionekana kwenye sampuli, hiyo ni mizoga ya zamani iliyofufuliwa na mkondo.

Nisisahau tundu la wavu wako. Maikromita 200 huwapitisha karibu nauplio wote wa kopepodi wadogo, na vifo vingi hutokea huko chini, kwenye mayai na nauplio. Wanaomwaga mayai majini hupoteza mengi kuliko wanaoyabeba kwenye vifuko, kama Oithona, ambaye mayai yake hufa pale tu mama anapokufa. Picha uliyonayo sasa ni ya watu wazima peke yao. Ukipata wavu wa maikromita 64 au 80, utumie sambamba na huo, ukijua kwamba utaziba haraka kwenye tope.

Zile chupa sita usizimwage wala usiwafute wale wanyama. Zihesabu upya kwa safu nne: waliojaa nyama, waliosinyaa, maganda tupu ya wazima, na maganda yaliyovuliwa. Safu ya nne iache nje ya hesabu. Safu ya kwanza iite "waliokuwa wazima au waliokufa karibuni", kwa sababu formalini haikuachi utofautishe. Safu ya pili na ya tatu ni mizoga, na ziandike kama kiwango cha chini kabisa. Halafu siku utakayorudi mtoni, beba chupa ya rangi na ndoo mbili, na upime chumvi na oksijeni kuanzia juu hadi chini kabla hujashusha wavu wa kwanza.